SAFARI YA JIONI KATIKA MTO THAMES



Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike juu ya zile safari za jioni za mtoni ambazo abiria hulipa nauli mara moja, akapata kiti, akapata kinywaji, akautazama mji ukiwashwa taa. Sababu ya ombi hilo ninaijua. Katika kikao cha mwisho lilitolewa wazo kwamba siku ya pili ya mkutano tukodi chombo, tuondoke gatini saa kumi na moja jioni, tuzunguke ziwani pamoja na familia zetu, soda na bia zikiwa zimo katika mchango, kisha turudi kwa chakula cha usiku. Mjumbe mmoja akasema, "Mzee mwenzetu alikwenda London akapanda chombo cha namna hiyo. Atuandikie." Nimekubali. Lakini kwa kuwa nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, msishangae nikiwapeni historia mahali mlipotazamia hadithi za mji.

Kwanza nawakumbusha jambo moja la nyumbani. Wenzangu wa miaka ya sitini na mwanzo wa miaka ya sabini mtakumbuka kwamba sisi wa ng'ambo ya ziwa tulikuja shuleni kwa meli. Tulipanda MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, tukasafiri usiku kucha katika daraja la tatu, vichwa vyetu juu ya masanduku ya bati. Siku ya kufunga shule mwalimu wa zamu alitusindikiza mpaka gatini. Alituhesabu langoni, akatuhesabu tena penye ngazi, na hesabu mbili zisipopatana hakuna aliyepanda. Siku moja alitusimamisha karibu nusu saa kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa amekwenda kununua karanga. Tulimcheka sana. Tukampa jina la Karani wa Pamba, kwa jinsi alivyotuhesabu kama marobota. Mkumbukeni mwalimu huyo, maana mwisho wa makala haya nitamrudia.

Gatini Westminster

Nilifika London kumtembelea mwanangu anayefanya kazi huko. Jioni moja ya mwezi wa Agosti alininunulia tiketi ya chombo cha kutembeza wageni kutoka gati ya Westminster, karibu na mnara wa saa ambao dunia nzima huujua kwa jina la kengele yake, Big Ben. Ilikuwa saa moja na nusu kwa saa zetu za Kiswahili, na jua lilikuwa lingali juu ya mapaa, kwani wakati wa kiangazi huko jua huchelewa kutua.

Penye ubao wa kupandia alisimama kijana mwenye kidude cha chuma mkononi. Kila abiria alipopita alikibonyeza, kikalia: ta. Mama aliyebeba mtoto akapita: ta, ta. Tulipokwisha kuketi, sauti katika kipaza sauti ilitueleza mahali yalipo majaketi ya kujiokolea na milango ya kutokea. Hakuna aliyepewa kinywaji mpaka maelezo hayo yalipokwisha. Bwana mmoja nyuma yangu alikwisha kuanza kunung'unika, akiuliza bilauri yake iko wapi. Hatimaye vinywaji vililetwa. Mwanangu akachukua divai, mimi nikachukua maji ya machungwa, na kamba zikafunguliwa.

Nakiri kwamba wakati ule nilikubaliana na yule bwana. Nilidhani ni ile tabia ya Waingereza ya kupenda taratibu. Lakini kabla hatujarudi gatini nilikuwa nimekwisha kujionea aibu, na sababu yake ndiyo makala yenyewe.

Wapiga makasia na mfalme

Tusidhani kwamba kutembea mtoni jioni kwa starehe ni jambo lililozuliwa na makampuni ya watalii. Kwa karne nyingi katikati ya London palikuwa na daraja moja tu la kuvuka Thames. Daraja la Westminster lilifunguliwa mwaka 1750. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuvuka au kusafiri kutoka sehemu moja ya mji hadi nyingine aliita mashua kama sisi tunavyoita teksi. Wapiga makasia hao walikuwa wengi na hodari kwa kugombania abiria. Bunge liliwawekea nauli kwa sheria ya mwaka 1514, na mwaka 1555 kikaundwa chama cha kuwasimamia na kuwafundisha vijana kazi. Mashindano yao ya makasia yaliyoanzishwa mwaka 1715 yangali yakifanyika kila mwaka.

Safari ya jioni iliyo mashuhuri kuliko zote katika mto huo ilifanyika tarehe 17 Julai 1717. Mfalme George wa Kwanza aliingia katika mashua yake pale Whitehall, hatua chache kutoka gati tuliyopandia sisi, yapata saa mbili usiku. Mashua nyingine ilibeba wapigaji muziki wapatao hamsini. Maji yalikuwa yakijaa, yakawachukua kwenda juu hadi Chelsea pasipo haja ya makasia. Muziki waliopiga ulitungwa na Handel kwa ajili ya jioni hiyo, na mfalme aliupenda hata akaamuru urudiwe mara baada ya mara. Wakala chakula cha usiku Chelsea, wakarudi alfajiri ikikaribia. Muziki huo bado wapigwa duniani kote. Basi, chombo, muziki, chakula na vinywaji: yote tuliyoyapata sisi, mfalme aliyapata miaka mia tatu iliyopita. Tofauti ni kwamba siku hizo starehe hiyo ilikuwa ya wenye nguvu na mali.

Aliyeiteremsha kwa watu wa kawaida ni mvuke. Mwaka 1815 meli ndogo ya moshi iitwayo Margery ilianza kusafiri kati ya London na Gravesend. Baada yake zikafuata nyingi. Makarani, mafundi, wauza maduka na wake zao, watu waliofanya kazi juma zima katika moshi wa mji, waliweza sasa kulipa shilingi chache, wakaenda kuvuta hewa kwenye bustani za Gravesend, wakarudi jioni wakiimba sitahani.

Chini ya ukuta wa mto

Chombo chetu kiliteremka na mto. Mkono wa kushoto tuliuona ukuta mrefu wa mawe uitwao Victoria Embankment, wenye miti na taa, na juu yake umesimama mnara wa Kimisri uitwao Sindano ya Cleopatra. Mwenye kipaza sauti alituambia umri wa mnara huo. Hakutuambia kwamba mabaharia sita walikufa mwaka 1877 katika dhoruba wakati wa kuuleta kutoka Misri. Wala hakutuambia kwamba ndani ya ukuta ule mzuri limepita bomba kubwa la maji machafu ya vyoo.

Hapa yafaa nieleze. Katikati ya karne ya 19 vyoo vya London vilimwagika katika Thames, na watu wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu kiliua maelfu. Kiangazi cha mwaka 1858 harufu ya mto ilizidi hata ikawafikia wabunge ndani ya jengo lao jipya pale mtoni, na ndipo fedha zikapatikana upesi. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mabomba makubwa yaliyoyakusanya maji machafu na kuyapeleka mashariki, mbali na Bunge na majumba ya wakubwa, mpaka Barking upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini. Kazi ile iliokoa maisha ya watu wengi, na jina lake lastahili heshima. Lakini uchafu wenyewe haukusafishwa. Ulihifadhiwa katika mabirika, kisha ukafunguliwa mtoni maji yalipoanza kupwa ili uende baharini. Katikati ya mji pakawa safi. Chini ya mto, kwa watu wa Woolwich na Barking, pakawa kama palivyokuwa kwa wakubwa zamani, au pabaya zaidi.

Tulipita Kanisa la Mtakatifu Paulo, tukapita chini ya madaraja mengi. Mwanangu alinionyesha kwamba daraja linapotengenezwa na nafasi ya chini yake ikapungua, hutundikwa mganda wa majani makavu mchana, na taa nyeupe usiku. Ni kanuni ya kale, nayo bado yafuatwa. Tukapita Ngome ya London na lile daraja lenye kufunguka, Tower Bridge, la mwaka 1894.

Kando yake kuna bandari ndogo ya St Katharine, na ndani yake jumba liitwalo Ivory House, yaani Jumba la Pembe. Leo ni makazi na maduka. Lilijengwa katika karne ya 19, na humo ziliwekwa pembe za ndovu. Unguja wakati huo ilikuwa soko kubwa la pembe, na pembe nyingi zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka bara hadi pwani ziliishia katika minada ya London. Nilisimama nikalitazama jumba lile mpaka likapotea nyuma ya daraja. Abiria wenzangu walikuwa wakipiga picha za daraja, wala siwalaumu; nami ningalifanya hivyo kama nisingalijua. Lakini nilijiambia kwamba katika mto huu karibu kila kitu kizuri kimelipiwa na mtu ambaye jina lake halikutajwa katika kipaza sauti.

Usiku wa tarehe 3 Septemba 1878

Greenwich chombo kiligeuka. Taa zilikuwa zimewaka, na bilauri zikajazwa mara ya pili. Kama tungaliendelea mbele kilometa chache tu, kupita Woolwich, tungalifika kwenye kona ya mto iitwayo Tripcock Point. Hapo ndipo ilipotokea ajali kubwa kuliko zote katika historia ya mito ya Uingereza.

Meli yenyewe iliitwa Princess Alice. Ilikuwa meli ya moshi yenye magurudumu ya makasia ubavuni, iliyoundwa Scotland mwaka 1865. Jumanne ile, tarehe 3 Septemba 1878, ilitoka London asubuhi na abiria wa matembezi, na jioni yapata saa kumi na mbili na nusu ikaondoka Gravesend kurudi. Hali ya hewa ilikuwa nzuri na bendi ilikuwa ikipiga. Walikuwamo wazazi na watoto, wachumba na vikongwe, watu wa hali ya kati na ya chini, waliolipa kama shilingi mbili kila mmoja.

Mshika usukani wake aliomba kubaki Gravesend, na nafasi yake ikachukuliwa na baharia mwingine asiyeizoea vizuri meli kubwa namna ile. Ilipozunguka Tripcock Point, kati ya saa moja na saa mbili usiku, ilikabiliana na Bywell Castle, meli ya kuchukua makaa ya mawe iliyokuwa ikishuka bila shehena, hivyo imeinuka juu sana majini. Kulikuwa na desturi za kupishana, lakini kila nahodha alizifuata kwa mazoea yake. Nahodha William Grinstead wa Princess Alice aliielekeza meli yake upande wa kusini, ambako meli zilizopanda mto zilizoea kukwepa nguvu ya mkondo. Bywell Castle nayo ilikuwa ikielekea huko huko. Ikaigonga Princess Alice ubavuni, mbele kidogo ya gurudumu la kulia, ikaikata. Kwa muda wa dakika nne hivi meli ile ilikuwa imezama.

Waliokuwa vyumbani chini hawakupata hata nafasi ya kufika mlangoni. Wapiga mbizi waliwakuta wamesongamana milangoni, wengine wangali wamesimama. Meli ilikuwa na mashua mbili tu za kuokolea na maboya kumi na mawili. Wengi hawakujua kuogelea, na nguo nzito za wanawake wa siku zile ziliwavuta chini. Juu ya hayo yote, saa moja hivi kabla ya ajali, mabirika ya Barking na Crossness yalikuwa yamefunguliwa. Lita zaidi ya milioni mia tatu za maji ya vyoo zilikuwa zimemwagwa katika sehemu ile ile ya mto. Watu walizama ndani ya uchafu wa mji wao wenyewe. Waliookolewa walikuwa kama 130, na baadhi yao walikufa siku zilizofuata kwa yale waliyoyameza.

Hesabu isiyojulikana

Sasa, vijana, mtaniuliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa historia hana budi kuuliza: walikufa wangapi? Vitabu husema kati ya 600 na 700. Tofauti ya mia moja! Si kwamba waandishi ni wavivu. Hesabu kamili haipo wala haitakuwapo. Hakukuwa na orodha ya abiria. Tiketi za kampuni ile zilitumika katika meli yake yoyote siku hiyo, kwa hiyo mtu aliweza kwenda kwa meli moja akarudi kwa nyingine, na hapakuwa na mtu gatini aliyehesabu vichwa vilivyoingia.

Hebu tufikiri maana yake. Baba aliyemngoja mkewe na watoto nyumbani hakuwa na mahali pa kuuliza kama walikuwamo. Ilimbidi aende Woolwich, apite kati ya safu za maiti, atafute kiatu au kitambaa anachokifahamu, kwa kuwa uchafu wa mto ulikuwa umekwisha kuziharibu nyuso. Wapiga makasia waliajiriwa kutafuta, wakalipwa kuanzia shilingi tano kwa kila maiti. Watu wapatao 120 hawakutambuliwa na mtu yeyote.

Siku mbili baada ya matembezi yetu nilipanda treni mpaka kwenye makaburi ya zamani ya Woolwich, ambako hao wasio na majina walizikwa pamoja. Juu yao umesimama msalaba mkubwa wa mawe. Haukujengwa na serikali wala na kampuni. Ulijengwa kwa mchango wa watu zaidi ya 23,000, waliotoa peni sita sita. Nilipiga hesabu yangu ya mwalimu: tunajua idadi ya waliotoa peni sita kwa ajili ya msalaba, lakini hatujui idadi ya waliokufa. Waliochanga waliandikwa, na waliosafiri hawakuandikwa.

Baraza la uchunguzi wa vifo lililokaa Woolwich lilitoa uamuzi mwezi Novemba 1878. Wajumbe walizilaumu meli zote mbili kwa kutosimama kwa wakati. Wakaongeza kwamba Princess Alice haikuwa na mabaharia wa kutosha, kwamba iliwachukua watu wengi kuliko ilivyokuwa busara, na kwamba vifaa vyake vya kuokolea havikutosha. Wakataka ziwekwe kanuni thabiti za kupishana mtoni. Na katika miaka iliyofuata mengi yalifanyika. Polisi wa mto walipewa mashua za mvuke. Maji machafu yalianza kushughulikiwa, na kuanzia mwaka 1887 tope lake likachukuliwa kwa meli hadi baharini. Desturi hiyo nayo ilikomeshwa mwaka 1998. Mto wenyewe ulichukua muda mrefu kupona. Mwaka 1957 wataalamu waliutangaza kuwa umekufa, hauna uhai. Leo una aina zaidi ya mia moja za samaki, na mwaka 2025 lilikamilika bomba jipya la kilometa 25 chini ya mto la kuzuia maji machafu yasifurike ndani yake.

Giza chini ya Daraja la Cannon Street

Nirudi chomboni. Tulipokuwa tukipanda kurejea Westminster, giza lilikuwa limeingia na vijana wa meza ya pili walikuwa wakicheza. Karibu na daraja la reli la Cannon Street mwanangu aliniambia, "Baba, hapa ndipo ilipozama Marchioness."

Marchioness ilikuwa chombo cha starehe kilichoundwa mwaka 1923. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1989, yapata saa nane kasorobo kwa saa zetu, kilikuwa na watu 131, wengi wao vijana waliokuwa katika karamu ya siku ya kuzaliwa. Meli ya kuchimba kokoto iitwayo Bowbelle ilikigonga kwa nyuma, ikakipindua. Kilizama kwa muda usiofika dakika moja. Walikufa watu 51, na katika Kanisa Kuu la Southwark, lililo jirani na mahali pale, kuna ukumbusho wao.

Watu watasema: miaka 111 ilikuwa imepita tangu Princess Alice, je, hawakujifunza? Walijifunza, kisha wakajisahau. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika vyombo vyote viwili hapakuwa na ulinzi wa kutosha wa kuangalia mbele na nyuma, na kwamba kutoka vyumba vya usukani ilikuwa vigumu kuona vizuri. Wazazi na jamaa za waliokufa walidai uchunguzi kamili wa hadharani kwa zaidi ya miaka kumi. Waliambiwa yaishe. Hawakukubali yaishe. Ripoti ya Jaji Clarke ilitoka mwaka 2001, na matunda yake ndiyo yaliyotulinda sisi jioni ile. Tangu Januari 2002 chama cha uokoaji cha RNLI kina vituo vinne vya mashua za kuokolea katika Thames, mto ambao kabla ya hapo haukuwa na hata kimoja. Na sheria ya mwaka 2003 iliweka kiwango cha pombe kwa mabaharia walio kazini. Abiria anywe, mwenye usukani asinywe.

Tulikipita kituo kimoja penye Daraja la Waterloo, mashua yake ya rangi ya machungwa ikiwa tayari. Ndipo nilipomkumbuka yule kijana na kidude chake cha chuma, ta, ta, na ndipo nilipoona aibu. Nilikuwa nimeikasirikia desturi ambayo wengine waliinunua kwa watoto wao.

Turudi ziwani

Ndugu zangu, sikuyaandika haya ili tuwacheke Waingereza wala ili tuwasifu. Nimeyaandika kwa sababu tunayafahamu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ilipokuwa ikikaribia Mwanza. Ilikusudiwa kuchukua abiria 430. Mamia ya watu walikufa, na mpaka leo watu hubishana juu ya idadi, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Lile daraja la tatu letu, la masanduku ya bati! Wapo waliozikwa Igoma bila kutambuliwa, kama wale wa Woolwich. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa na kibali cha watu 101, na waliokufa walizidi 220. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliopaswa kuwamo.

Ziwa lina mawimbi na mto una mkondo, lakini kosa ni lile lile. Mtu hafi kwa maji peke yake. Hufa kwa sababu fulani alisema, "Aingie tu, mmoja zaidi hatazamisha chombo," na hapakuwa na karani wa kumjibu.

Je, basi tuache safari yetu ya jioni? La, hasha. Mimi nitakuwa wa kwanza kulipa mchango. Hakuna jambo jema kama kulitazama jua likizama ziwani pamoja na watu mliokula nao ugali wa bweni miaka hamsini iliyopita. Ila naiomba Kamati mambo matano. Chombo kiwe na kibali, na idadi ya kibali iandikwe mahali tutakapoiona sote. Majina ya abiria wote, watoto wachanga wakiwamo, yaandikwe katika nakala mbili, na nakala moja ibaki nchi kavu. Kila mtu awe na jaketi lake, nalo livaliwe kabla soda ya kwanza haijafunguliwa. Nahodha na mabaharia wake wasiguse pombe, hata kama mwenyekiti wetu mwenyewe ndiye anayewakaribisha. Na chombo kikijaa, kimejaa. Atakayechelewa atatungoja gatini, hata akiwa mgeni rasmi.

Na la mwisho naliomba kwa wanafunzi wa sasa. Siku hiyo naomba mmoja wenu asimame penye ngazi atuhesabu, kisha atuhesabu tena. Wazee wengine watanung'unika, watauliza vinywaji viko wapi. Mwacheni anung'unike atakaye. Hesabu mbili zisipopatana, asipande mtu, na atakayetusimamisha hivyo tumpe kwa heshima jina la mwalimu wetu: Karani wa Pamba.